Kurudisha gitaa kavu kwenye amplifaya: kinachopatikana na kinachopotea

Tangu mhandisi wa sauti Mmarekani John Cuniberti alipobuni kisanduku chake cha Reamp katika miaka ya 1990, studio nyingi zimezoea kurekodi gitaa la umeme kwa hatua mbili. Kwanza huchukuliwa sauti kavu, yaani ya gitaa lenyewe bila amplifaya, kupitia kisanduku cha DI, kinacholiunganisha gitaa moja kwa moja na vifaa vya kurekodia. Baadaye, hata wiki kadhaa zikipita, sauti hiyo hutolewa kwenye kompyuta, hupitishwa kwenye amplifaya na kurekodiwa tena kwa maikrofoni. Wenyewe huita kazi hiyo kuriampu.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Aliyewahi kuisogeza maikrofoni kama Shure SM57 mbele ya spika anajua kwamba sentimita 3 tu, kutoka katikati ya koni kuelekea ukingoni, zinatosha kuigeuza sauti inayochoma masikio ikawa nzito na tulivu. Kupatafuta mahali hapo huku mpigaji akirudia kipande kile kile ni kumchosha bure, ilhali kompyuta hurudia usiku kucha wala haidai chai. Anayerekodi kwenye chumba cha kupanga naye hupiga kimyakimya kwa hedifoni, kisha akasubiri siku ya kupata amplifaya na mahali pa kuifungulia.

Wanaoipinga husema sauti inayotoka huko imekufa. Mara nyingi kilichoiua ni uunganishaji. Amplifaya ya gitaa imetengenezwa kupokea umeme dhaifu unaotoka kwenye pikapu (sumaku za gitaa zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, si magari ya kubebea mizigo) zenye ukinzani mkubwa, lakini tundu la kutolea sauti la saundikadi (kifaa cha kuingizia na kutolea sauti kwenye kompyuta) hutoa umeme wenye nguvu zaidi na ukinzani mdogo. Ukiviunganisha moja kwa moja, amplifaya huzidiwa mapema, na vifaa viwili vinavyotumia ethi (waya wa ardhini) moja huweza kuleta muungurumo wa hezi 50. Kisanduku cha kuriampu hupunguza nguvu hiyo, hupandisha ukinzani, na transfoma iliyomo hutenganisha ethi. Kosa la upande wa kuingizia ni baya zaidi: gitaa huhitaji tundu lenye ukinzani wa takriban omu milioni 1, na likichomekwa kwenye tundu la kawaida la omu 10,000, sauti za juu hupotea kabla ya kufika kwenye kompyuta, na hakuna kisanduku kitakachozirudisha.

Hata hivyo, baada ya yote hayo kurekebishwa, wapinzani wanabaki na hoja ambayo sijaona jibu lake kamili. Pedali ya fazi (kifaa cha kukanyaga kinachoitia sauti mkwaruzo) ya aina ya zamani, mfano Fuzz Face, hutegemea kuunganishwa na pikapu zenyewe: mpigaji akipunguza kitufe cha sauti kwenye gitaa, mkwaruzo husafika. Ukiiweka baada ya kisanduku cha kuriampu, uhusiano huo unakatika, kwa hiyo ni afadhali irekodiwe papo hapo. Halafu kuna mikono. Anayesikia amplifaya ikinguruma huzibana nyuzi asizozipiga. Anayesikia sauti nyembamba kwenye hedifoni huziachia, na kelele za nyuzi hizo hujitokeza zote siku ya kuriampu. Vilevile noti ndefu inayoendelezwa na mtikisiko wa spika haiwezi kuzaliwa baadaye, kwa sababu uzi ulishanyamaza siku ya kurekodi. Dawa ya sehemu ni kumweka mpigaji karibu na amplifaya yoyote iliyofunguliwa, ili mtikisiko huo uingie kwenye sauti kavu, lakini hapo faida ya ukimya imekwisha.

Kwa gitaa safi la dansi, solo au ridhimu, mabishano haya hayana uzito mkubwa. Kwa roki yenye mkwaruzo mzito, mimi ningerekodi amplifaya siku ile ile na kuigawa sauti ya gitaa ili iliyo kavu ibaki kama akiba, badala ya kuahirisha uamuzi hadi wakati wa kumiksi, ambapo kila mtu amechoka na kila sauti inaonekana inafaa. Sauti hizo mbili zikichanganywa, zilinganishwe kwanza: maikrofoni iliyo sentimita 34 kutoka kwenye spika huchelewa kwa takriban milisekunde 1, na kuchelewa huko kunatosha kuifanya miksi iwe nyembamba. Kuza mchoro wa mawimbi hadi uone pigo la kwanza, kisha uisogeze sauti ya maikrofoni ianze mapema zaidi hadi mapigo yote mawili yaanze pamoja.