Mabaka ya manjano kwenye kope: anza na damu, kisha daktari

Lile baka la manjano linaloota kwenye kope, upande wa puani, si chunusi, na halikamuliki. Ni lehemu (kolesteroli) iliyojikusanya ndani ya ngozi. Haliumi wala haliwashi, ndiyo maana mtu hukaa nalo miaka kisha siku moja akaingia saluni lichomwe. Wengine hubandika kitunguu thomu. Thomu huunguza ngozi, na ngozi ya kope ni nyembamba kuliko yote mwilini. Tafadhali, usifanye hivyo.

Pima damu kwanza: lehemu zote, sukari, thairoidi na ini. Kaa saa 10 hadi 12 bila kula. Maji ruksa, lakini chai ya maziwa na mahamri vitapandisha trigliseridi, yaani mafuta ya kwenye damu. LDL, ile lehemu mbaya, ikifika 4.9 mmol/L, ndugu na watoto nao wapimwe, huenda ni ya ukoo. Takriban nusu ya wenye mabaka haya lehemu yao ni ya kawaida, ila hilo lisikulaze. Utafiti wa Denmark uliotolewa 2011, uliofuatilia watu zaidi ya 12,000, ulionyesha kuwa mabaka yenyewe huashiria hatari ya moyo hata lehemu ikiwa sawa. Kwa hiyo presha na sigara ziingie kwenye mazungumzo.

Ukipata daktari wa ngozi hapa Mombasa, hakikisha jina lake kwenye daftari la KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, mtandaoni, kisha muulize ameshatibu kope ngapi za ngozi nyeusi. Kwangu swali hilo lina uzito kuliko bei. Leza na kugandisha kwa baridi vyaweza kuacha doa jeusi au jeupe. Asidi ya TCA, inayochoma baka, hupakwa kwa ncha ya kijiti, vaselini ikiwa imezunguka baka, mpaka ngozi igeuke nyeupe kama chokaa. Kijiti kikilowa mno, asidi huteleza jichoni. Gamba hubanduka lenyewe baada ya wiki moja hivi, usilibandue. Kisu hufaa mabaka manene, lakini ngozi ikikatwa kupita kiasi jicho halifumbi vizuri.

Na hurudi: utafiti mmoja wa upasuaji ulipata marudio ya takriban 40% baada ya mara ya kwanza. Dawa za lehemu huukinga moyo, mara chache hufuta baka.

Kabla ya kutibiwa piga picha mchana, karibu na dirisha, jicho likiwa limefumbwa. Miezi 6 baadaye ndiyo itakayoonyesha kama ni kovu au baka linarudi.