Kiyoyozi cha Jirani

Mimi sina ugomvi na jua. Jua la kaskazi nimezaliwa nalo, na Februari ikifika Mombasa hata mto wa kulalia huwa kama umetoka chunguni. Ugomvi wangu ni na jirani wa mkabala, hapa Mji wa Kale, aliyetia kiyoyozi.

Vichochoro vyetu mwavijua. Ukipiga chafya kwako, nyumba ya pili wakuombea dua. Sasa sanduku la kiyoyozi chake limening'inia nje, sawasawa na dirisha langu. Yeye ndani ajifunika blanketi (blanketi, Mombasa!), na pumzi yote ya moto yaja kwangu. Joto lake kalitoa kwake kaniletea mimi, kama sahani ya futari.

Jioni nikalipeleka barazani, kwenye kahawa tungu. Mpwa wangu yuko chuo, kwa hivyo hana neno dogo. "Mjomba," akasema, "hayo yako ndiyo ya dunia nzima." Akaanza kutueleza kwamba mwaka 1896 bwana mmoja wa Sweden, Svante Arrhenius, alihesabu kwa kalamu gesi ya ukaa, itokayo makaa yakichomwa, ikizidi angani dunia itapata joto kiasi gani. Wala hakuogopa, kwao baridi, aliona heri. Nikamwambia mwaka huohuo ndio Mwingereza alianza kutandika reli hapa Mombasa, na sisi tukaliita dude lake gari la moshi. Jina tulilipa wenyewe, na bado tukapanda.

"Basi mbona watu hawafanyi kitu?" mzee mmoja akauliza. Ah, hapo majawabu hayakukosekana. Huyu: kazi ya Mungu. Yule: waanze Marekani na China. Wa tatu akauliza kama kashata zimekwisha.

Mpwa akaendelea kuwa mwaka 2015, kule Paris, nchi zilikubaliana zijitahidi joto lisizidi nyuzi 1.5 juu ya lile la zamani. Nikacheka hadi kahawa ikamwagika. Nyuzi moja na nusu, hilo nalo joto? Nilipolihadithia nyumbani, mama watoto hakucheka. Akaniuliza kama nimesahau usiku ule mtoto alipotoka 37 akafika 38.5, nikatoka na kikoi kukimbilia tuktuk saa nane.

Nikanyamaza. Lakini turudi barazani, maana kabla kijana hajamaliza, sauti ilitoka msikitini: "Mwizi! Kachukua ndara!" Wallahi hakubaki mtu. Yule mzee wa mkongojo alitangulia mbele, na mkongojo kauacha. Tuliporudi tunahema, mpwa wangu alikuwa peke yake na buli. Nikamwambia, mwanangu, hilo joto lako lina kasoro moja, halina miguu. Lingeiba ndara tungeshalikamata.

Kesho yake nikaenda kumgongea jirani, nimejipanga kwa maneno makali. Akafungua mlango. Baridi ikanishika miguuni, ikapanda magotini, na maneno yakaanza kulegea. Nikakaribishwa chai. Nilitoka baada ya isha, nimeshauliza bei, nimeshaambiwa duka ambalo mtu hulipa mdogo mdogo.

Jumamosi fundi akaja. "Mzee, tundu nitoboe wapi?" Nikaonyesha dirisha la jirani, ili na yeye aonje. Mama watoto akakataa: mtu kakunywesha chai! Upande wa pili yuko bibi atuleteaye mbaazi na mahamri kila Ijumaa. Huyo hata mimi siwezi. Ukabaki upande wa nyuma, wa baharini.

Mpwa alikuwa ameshika ngazi ya fundi. Akanung'unika kwamba zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za joto lililozidi duniani tayari zimemezwa na bahari.

"Basi imeshazoea," nikasema. "Toboa, fundi."

Usiku huo nililala kwa blanketi. Bahari haina dirisha, wala haiji kugonga mlango. Bamvua lililopita maji yalifika kipandio cha chini cha ngazi zetu za nyuma, lakini hilo ni bamvua tu.