Buriani Afande Babu

Poleni sana wafiwa. Nimesoma tanzia ya mzee wetu; mwandishi kaeleza vizuri miaka ya marehemu jeshini, ila kapita mbio mno kwenye aliyoyafanya baada ya kuvua magwanda. Sisi majirani zake hapa Igoma, Mwanza, tulimwita Afande Babu. Alikuwa miongoni mwa wapiganaji wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) walioingia Kampala Aprili 1979, lakini ukimchokoza asimulie vita, alikurudisha hapahapa Mwanza: ile ndege ya Libya iliyotumwa kumsaidia Idi Amin, mtawala wa Uganda tuliyepigana naye, mabomu yake yakaishia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Hapo alicheka mpaka akakohoa. (Vijana wengi hawajui kama mji huu ulirushiwa mabomu!)

Alipostaafu akawa mjumbe wetu wa nyumba kumi. Ugomvi wa mipaka, wa ndoa, wa mbuzi kula mahindi ya watu, wote uliishia barazani kwake, na hakupokea hata soda. Kwenye msiba ndiye aliyetangulia na jembe, na kaburi likichimbwa kombo mnafukia mnaanza upya. Wana Igoma, kesho tuwahi makaburini. Mzee hakuwa mtu wa kusubirishwa.