Saa Moja na Dakika Ishirini, Lakini za Nani?

Eti Dar es Salaam hadi Nairobi ni saa moja na dakika 20. Leo tena wenye ndege wameiandika kwa herufi nene, kama vile kuna mtu aliwahi kufika kwa muda huo. Waheshimiwa abiria wenzangu, hizo dakika ni za ndege, si zako. Zinaanza kuhesabiwa ndege ikisogea kutoka maegeshoni, zinakoma ikiegeshwa. Foleni ya Barabara ya Nyerere haimo. Saa tatu za kuwahi uwanjani hazimo. Kulikodolea macho begi la mwenzako JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, nako hakumo. Umbali wa angani ni kama kilomita 665 tu, na jeti inazimaliza kwa takriban saa moja. Ukipangiwa ndege ya mapangaboi, ongeza dakika 20 au zaidi, na kelele.

Lakini balaa lenyewe liko kwenye tiketi: 07:00.

Mzee wa watu kaja na suti yake ya harusini. Kafika saa tano asubuhi, kawahi mpaka anajisifu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Nairobi, ile ya saa saba."

Binti wa kaunta anaitazama kompyuta, anaitazama suti. "Mzee wangu, hii imeondoka saa moja."

"Inachukua saa moja, najua. Kuondoka ni saa saba."

"Hapana baba, kuondoka ndiyo saa moja."

"Na dakika ishirini! Mwanangu kanieleza yote!"

Foleni nyuma inaguna. Mmoja anajitolea kufundisha: toa sita, mzee. Saba toa sita, moja. Kaunta imefungwa dakika 60 kabla, yaani saa kumi na mbili, mzee akiwa bado anapiga pasi. Na hata kusingizia majira hawezi, maana saa za Dar na Nairobi ni zile zile.

Hiyo bado ni nafuu. Iliyoandikwa 01:00 unaongeza sita, inakuwa saa saba usiku, na hapo tarehe imeshageuka. Tiketi ya Jumamosi 01:00, nyumbani unatoka Ijumaa jioni. Ukitoka Jumamosi jioni umechelewa karibu siku nzima, na nauli uliyolipa haikurudii kwa kulia!

Kwani ni nani aliyeamua siku ianze watu wamelala?

Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, usiisahau, wakati wa kurudi wanaidai. Chanjo iwe imetimiza siku 10. Chupa ya maji inaishia kwenye ukaguzi. Dirishani, kwenda Nairobi kaa kushoto, ndiko uliko Kilimanjaro, mita 5,895, kama mawingu yameamka vizuri. Kulia utaangalia bawa. Juisi nayo inaletwa kwa heshima zote, hujang'oa kifuniko wanapita kukusanya vikombe, na jirani yako wa kati ndio kwanza anaomba kupita kwenda chooni.