Kule Irente, Macho Yangu Peke Yake Hayakutosha

Nimefika Irente, ule ukingo wa Milima ya Usambara karibu na Lushoto, mara tatu. Mara mbili za kwanza nilichukua bodaboda kutoka Lushoto mjini, nikapiga picha pale ukingoni, nikageuza. Ya tatu, Julai iliyopita, nilikwenda kwa miguu na rafiki yangu niliyesoma naye. Tangu hapo naamini kwamba wengi wetu tunaviendea vilele hivi vibaya: mbio mbio, tena bila mtu wa kutuambia tunatazama nini.

Si mbali, ni kilomita kama tano hivi. Njia inapanda taratibu katikati ya mashamba ya mahindi na maharage, kisha mikaratusi. Lushoto ina baridi mwezi huo, kwa hiyo tulitoka na masweta, lakini nusu ya njia haikufika tukayafunga viunoni. Akina mama waliobeba kuni walitusalimu kwa Kisambaa. Mwenzangu akaitika vizuri kabisa, kwa kuwa amekulia huku chini, upande wa Mombo.

Kupanda ndiko hakukuzoea. Alisimama kila kona. Mwanzoni nilitangulia nikawa namhimiza, hadi nikaona ninamkosea, nikarudi tukaenda bega kwa bega. Mtu mwenye pumzi chache hasemi maneno ya kupoteza. Katika saa moja na nusu ile niliyajua mambo ya kwao ambayo miaka yote ya kukaa naye mezani sikuwahi kuyasikia. Babu yake alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, manamba, yaani kibarua wa mkataba, na hakurudi tena kwao. Yeye mwenyewe alizaliwa kambini. Utoto wake wote aliitazama milima hii kutoka chini, na hakuna aliyewahi kumleta juu.

Pale Irente ardhi inakatika ghafla. Mwamba unaisha, na chini yako, karibu mita 1,000, imelala nyika mpaka macho yanachoka. Watu hupaita pazuri, na ni pazuri kweli. Lakini mwenzangu hakutoa simu apige picha. Alianza kunyoosha kidole.

Ule mstari mwembamba ni reli ya kutoka Tanga, iliyofika Mombo mwaka 1905. Ile mistari iliyonyooka kama imechorwa kwa rula ni mkonge. Mimi nilikuwa nimeiona mara mbili nikadhani ni mashamba tu. Mmea wenyewe ni mgeni: Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza mwaka 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyopona safarini. Kutokana na hiyo, watu kama babu yake walitolewa Kigoma, Songea, hata Rwanda na Burundi, wakaja kuishi katika ile mistari. Akanionyesha upande ambako mama yake alikuwa akianika singa, zile nyuzi za mkonge, kwenye waya, jua la saa saba likiwa kichwani.

Hapo ndipo ninaposimamia hoja yangu. Wageni wanaoletwa pale huelezwa habari za machweo na upepo, na sioni ubaya. Ila sisi wenyewe tukipanda, tupande na mtu ambaye maisha yake yamo katika kile kinachoonekana. Watoto wa Mombo na Mazinde waletwe huku na walimu wao, kwa miguu, wayaone makazi yao yote kwa pamoja. Nauli ya hadi Lushoto haizidi nguvu ya shule iliyoamua.

Mtandao ulikuwepo, akampigia mama yake.

“Shikamoo mama. Toka nje uangalie mlimani.”

Tulimsikia akifungua mlango. Akasema haoni mtu, anaona jiwe na mawingu tu, na akauliza kama tumekula. Mwenzangu aliendelea kupunga mkono huku simu ikiwa sikioni, na mama hakurudi ndani hadi salio lilipoisha.