Yai Lao na Mpira Wetu

Mwenzenu naishi Columbus, Ohio, mwaka wa 7 huu. Baridi nimeizoea. Kula chakula cha usiku saa 11 jioni jua likiwaka, nimezoea. Kilichonikwama kooni kama mwiba wa perege ni kimoja tu: mtu wa huku akikwambia twende tukaangalie futiboli, anakupeleka kutazama wanaume wenye helmeti wakigombania yai.

Mara ya kwanza nilimpigia mama simu ya video, nikaigeuzia kwenye televisheni naye aone mambo ya watu. Akatazama weee, kimya. Halafu akauliza, "Baba, na pikipiki zao wameziegesha wapi?"

Sina jibu mpaka leo.

Basi Februari 2025 jirani yangu, mzee wa watu mstaarabu kabisa, akanialika kwake tutazame Super Bowl, fainali ya ligi yao ya yai. Mama watoto akakaanga sambusa 40, maana huendi kwa mtu mikono mitupu. Nikamuuliza jirani mchezo una muda gani. Akasema saa nzima: robo 4, kila robo dakika 15. Unaanza saa 12 na nusu jioni. Nikapiga hesabu, saa 2 na nusu niko kitandani, kwa sababu zamu yangu ghalani inaanza saa 11 alfajiri. Nilitoka pale saa 4 usiku imeshapita. Saa moja ya hawa watu ni kama ile "nafika sasa hivi, niko Ubungo" ya Mbongo ambaye bado anatafuta soksi.

Muda wenyewe unaliwa hivi. Jamaa wanachuchumaa, wanatazamana kama majogoo. Mmoja anapiga kelele, wanagongana, pwaa! Sekunde 5, filimbi. Wote wanainuka, wanajikusanya duara, vichwa ndani, kikao. Mimi nimekaa kamati za harusi Mbagala, kikao nakijua. Lakini hata kamati ya harusi ikishakunywa soda inafika mahali inapanga tarehe. Hawa kila sekunde 5 wanarudi kwenye ajenda ya kwanza. Na kikao kikinoga, linaingia tangazo la gari. Tangazo la bia. Tangazo la gari lililobeba bia. Mwaka 2010 gazeti la Wall Street Journal liliwapigia saa, likakuta mechi inarushwa kwenye televisheni saa 3 hivi, yai lenyewe linachezwa kama dakika 11. Dakika 11! Mimi kwa dakika 11 niko chooni bado nasoma meseji za kundi la ukoo.

Siku ile tangazo la sekunde 30 lilifika dola milioni 8. Nikaelewa. Mchezo upo ili watu wa matangazo wapate kupumzika kidogo.

Refa akichukia anatupa leso ya njano uwanjani. Nilidhani anatunza, kama kwenye taarabu, nikataka kupiga kigelegele. Kocha naye anayo yake, nyekundu, ya kumbishia refa. Halafu siku zile walikuwa wanatoka wazee wawili na mnyororo, wanapima kama mabwana ardhi wanaotafuta jiwe la mpaka, kuona kama yai limesogea yadi 10 kwa majaribio manne. Kama halijasogea, timu nzima inatoka uwanjani. Nzima! Inaingia nyingine. Maana kuna kikosi cha kushambulia na kikosi cha kuzuia, hawachangii hata maji. Timu moja ina watu 53. Hao ni daladala mbili, na kondakta anakwambia sogea nyuma kuna nafasi.

Miongoni mwa hao 53 kuna mnyonge mmoja ndiye aliyenitoa machozi: mpiga teke. Kijana mwembamba, jezi safi kama ya Idd, amekaa benchi muda wote ule. Kazi ikiwashinda wenye misuli, anaitwa. Anakimbia hatua mbili tatu, anapiga yai kwa mguu, anarudi kukaa. Akikosa, nchi nzima inamtukana. Katika mchezo unaoitwa wa miguu, anayetumia mguu ndiye yatima wa nyumba.

Na hawa ndio wanaoniambia mimi kabumbu linachosha. Jirani ananiuliza, kinywani sambusa yangu ya tano, "Mnakaaje dakika 90 mnasubiri bao moja?" Nikamwambia mzee wangu, bao lako moja unaliandika 6, halafu yule kijana yatima akipiga teke unaongeza 1. Kwa hiyo 21 kwa 14 yako ni 3 kwa 2 yetu iliyotiwa hamira. Akacheka, akachukua ya sita.

Philadelphia Eagles wakashinda 40 kwa 22, na watu wakaanza kupiga kelele: mabingwa wa dunia! Nikageuka nyuma, labda dunia imeingia. Ligi ina timu 32, zote ndani ya Marekani. Hakuna ya Brazili, hakuna ya Ghana, hata Kanada hapo jirani haimo, ina ligi yake. Ni sawa na mtu acheze bao na shemeji zake barazani kwake Tandale halafu aende kudai posho ya bingwa wa Afrika Mashariki.

Siku chache baadaye kazini nikamvaa bosi wangu wa zamu, na takwimu nimeziandika kwenye boksi. FIFA ina wanachama 211. Fainali ya Qatar 2022, Argentina na Ufaransa, FIFA wenyewe wanasema iliwafikia watu karibu bilioni 1.5. Hiyo Super Bowl yenu ya juzi ni milioni 127 na ushei hapa Marekani, na mmeandika rekodi! Bosi akanitazama kwa huruma. "Watu wanaokunywa maji duniani ni wengi kuliko wanaokunywa bia," akasema. "Kwani maji ni matamu kuliko bia?" Nikakosa la kusema, nikarudi kwenye maboksi.

Nikahamia kwenye jina. Hapo nikajua nimempata: mtoe wapi ujasiri wa kuuita mchezo wetu "soka" na kujitwalia jina lake? Akaniambia nenda kasome. Usiku nikasoma, na nisingesoma. Neno hilo ni la Waingereza, wanafunzi wa Oxford wa miaka ya 1880 waliolikatakata neno "association" mpaka likawa hivyo. Halafu nikakumbuka kurasa za michezo za nyumbani zimeandika nini tangu sijazaliwa. Soka. Soka, soka, soka, kila ukurasa. Nilifunga simu taratibu kama mtu aliyekuta meseji isiyo yake.

Kinachouma ni kwamba hawa walikuwa wetu. Mechi wanayoihesabu ya kwanza ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869 kule New Jersey, Rutgers na Princeton, watu 25 kila upande, na ilikuwa marufuku kubeba mpira wala kuurusha. Rutgers wakashinda 6 kwa 4. Wangeendelea hivyo hivyo leo tungekuwa tunakaa kibanda umiza kimoja. Sijui shetani gani aliwapitia katikati.

Sasa wanataka kuusambaza. Walishajaribu ligi Ulaya, wakaifunga 2007, na mwaka huo huo wakaanza kupeleka mechi za ligi yenyewe London. Mwaka 2024 wakapeleka Brazili. Brazili, jamani! Hiyo ni kupeleka nazi Pemba. Mwaka 2023 walipiga kambi Nairobi kusaka vijana wenye miili, na Nairobi miili ipo.

Ila kwetu Korogwe mchezo huu ulifika zamani, kwa mtumba. Kabla ya fainali wanachapa fulana za ubingwa za timu zote mbili. Walioshinda wanavaa zao uwanjani. Za walioshindwa, haramu kuuzwa hapa. Kwa miaka mingi zimekuwa zikitolewa msaada nchi za mbali. Mwaka 2008 New England Patriots waliingia fainali hawajapoteza hata mechi moja, fulana za 19-0 zimeshachapwa, wakafungwa 17 kwa 14 na New York Giants. Mjomba wangu anayo moja ya namna hiyo, ya timu nyingine, anaendea nayo shamba. Nilipomweleza kwamba timu yake ilifungwa siku ile ile ya ubingwa, alikasirika siku mbili. Akanitumia ujumbe wa sauti: "Mpwa, usiniharibie nguo."

Nilijifariji na Kombe la Dunia la 2026, nikasema sasa wataona mpira mlangoni kwao. Kumbe FIFA nao wameshaambukizwa: walitangaza fainali iwe na tamasha la muziki wakati wa mapumziko, kama Super Bowl. Mapumziko ya mpira yana kazi yake! Unakojoa, unamtukana kocha, unarudi.

Lakini Novemba ndiyo inanimaliza. Hapa Columbus kuna Ohio Stadium, inaingiza watu 102,780. Uwanja wa Benjamin Mkapa, fahari ya taifa, ni 60,000. Na hao wa huku ni wanafunzi, timu ya chuo! Mwisho wa Novemba wanacheza na mahasimu wao, chuo cha Michigan, na wiki hiyo herufi M inakuwa najisi. Pale chuoni mabango yanabandikwa alama nyekundu ya kuifuta M kila ilipo. Mimi naitwa Musa. Jumamosi ya mechi nafika kazini alfajiri, bosi ananisubiri mlangoni na utepe mwekundu. Akaubandika kwenye kitambulisho changu kifuani. Nikatazama chini. Nimeandikwa USA.

Nilikuwa na lile jina kifuani, sikio moja lina spika ndogo chini ya kofia, maana Simba walikuwa wanacheza na timu ya mkoani, na saa 10 jioni ya nyumbani ni saa 2 asubuhi huku. Kwenye saa 4 kasoro bosi akaniona nimeshika kichwa. Akaja mbio, akidhani nasikiliza maandalizi ya mechi yake.

"Vipi, USA! Ngapi ngapi?"

"Sifuri kwa sifuri."

"Ah, kumbe haijaanza."

Nikamwambia imeisha.