Mama Mkwe Ndani ya Ngumi

Daladala ya Gongo la Mboto ilipozima injini kwenye foleni ya Buguruni, ngumi yangu ya kushoto ilisema: "Haloo? Baba Asha?"

Mzee aliyekaa siti ya mbele yangu aliitazama ngumi, akanitazama mimi, akairudia ngumi. Konda akaacha kuhesabu chenji. "Braza, mkononi mwako kuna mtu."

Alikuwa mama mkwe. Nusu saa kabla ya hapo nilikuwa nimempigia, sauti ya kufifia kama redio iliyoishiwa betri, kumwarifu kwamba homa imenilaza na sitaweza kwenda kumsaidia kuhamisha kabati la vyombo. Homa yenyewe ilikuwa imening'inia bombani ndani ya daladala, inaelekea Kariakoo.

Kisa hiki kilianzia kwenye raba.

Nilikuwa nimenunua vipokea sauti visivyo na waya, ambavyo mtaani kila mtu huviita eapodi hata kama aliyevitengeneza hajulikani. Shilingi 35,000. Ndani ya boksi mlikuwa na raba za silikoni saizi tatu: ndogo, kubwa, na za kati ambazo huja zimeshavishwa. Za ziada nilizitupia kwenye droo pamoja na kile kikaratasi cha maelekezo, wanavyofanya wengi. Sikio langu la kushoto ni jembamba. Raba ya kati haikuzama ikaziba, ilikaa mlangoni tu kama mdai. Na raba isipoziba, besi yote inatoka nje, unabaki na sauti ya kopo. Mtu akikosa besi haulaumu mpira wa silikoni, anapandisha sauti. Nikapandisha mpaka mwisho.

Kupima raba hakuchukui dakika tano. Vuta sikio kwa juu kwa mkono wa upande wa pili, ingiza kipokea sauti, kizungushe kidogo kuelekea nyuma. Tafuna kama una muwa mdomoni, tikisa kichwa. Halafu cheza wimbo wenye besi unayoijua na ukiminye kidogo kwa kidole: besi ikiongezeka, hakijaziba, jaribu saizi nyingine. Wala usidhani masikio yako ni mapacha. Mimi leo kushoto navaa ndogo, kulia ya kati.

Lakini siku ile cha kulia hakikuwepo kazini. Kwa siku tatu nilikilaza ndani ya kikasha chake cha kuchajia usiku kucha na asubuhi kikaamka hakina hata tone la chaji. Boksi liliandika saa 30, na mimi nikaamini ni saa 30 masikioni. Kumbe hesabu hiyo hujumlisha na chaji ya kikasha, ambacho huvijaza upya mara kadhaa. Kwa mkupuo mmoja vyangu vilidumu saa nne, sauti ikiwa juu hata hazifiki. Ndiyo maana nilikuwa safarini Kariakoo: kumrudishia muuzaji cha kulia. Mgonjwa alikuwa kipokea sauti, mimi nilikuwa msindikizaji.

Basi nasikiliza kwa sikio moja, kinateleza, nakisukuma. Kinateleza, nakisukuma. Mgongoni mwake hakina kitufe, kina sehemu ya kugusa, na sehemu hiyo haijui tofauti ya kuagiza na kusukuma. Kwa aina yangu ukigusa mara moja wimbo unasimama au unaendelea, na wakati wa maongezi simu inakatika. Mara mbili, wimbo unaofuata. Mara tatu, inapigwa namba ya mwisho uliyoipiga wewe. Yote hayo yaliandikwa kwenye kikaratasi kilichomo drooni.

Konda alipofika nilikichomoa nimsikie vizuri, nikakifumba kiganjani pamoja na sarafu za nauli. Vipokea sauti vya bei ya juu vina kihisi kinachojua kwamba vimetoka sikioni na kusimamisha muziki. Changu kiliendelea na kazi. Na sehemu ya kugusa husikia chochote kinachopitisha umeme kutoka mwilini, sarafu iliyoshikwa mkononi ikiwemo. Nikazitikisa sarafu mara moja, mara mbili, mara tatu.

Maiki haina habari kwamba iko nje ya sikio. Mama mkwe akapokea na kusikia: "Kariakoo mmoja, nirudishie mia tatu yangu." Kisha injini ikazimwa, na kwa sauti ile niliyoipandisha mpaka mwisho, kiganja kilichokunjwa kikafanya kazi ya tarumbeta.

"Baba Asha!"

Simu ilikuwa mfuko wa nyuma wa suruali, na nyuma yangu palikuwa na mama mwenye ndoo ya dagaa. Pa kupitishia mkono hapakuwepo. Nikainua ngumi mdomoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Homa inaendeleaje?"

"Imepungua kidogo, mama."

"Naisikia imepanda gari."

Daladala nzima ikapasuka. Nikakumbuka kwamba kugusa mara moja hukata simu. Nikagusa, ikakata. Ila kidole kilikuwa na jasho, kinatetemeka, kikaongeza migusano mitatu ambayo sikuituma. Ngumi ikasema tena: "Umenipigia tena, mwanangu? Umezidiwa?"

Konda akajibu kwa niaba yangu: "Tuko naye mama, tunamshusha Kariakoo!"

"Asante baba. Basi hiyo malaria ikifika sokoni iniletee nazi nne, zilizokomaa."

Muuzaji hakunibadilishia kitu. Alifungua kikasha, akanionyesha zile pini mbili za kuchajia upande wa kulia: zimefunikwa ukoko wa kijani. Ni jasho. Mtu anavaa akitembea juani, anarudisha kikashani bila kufuta, chumvi inaganda kati ya pini na kipokea sauti, umeme haupiti. Akachovya pamba ya kijiti kwenye spirit, akaikamua ibaki unyevu tu, akasugua pini na vile vidoti vya chuma kwenye kipokea sauti, akasubiri vikauke. Kisha akakiinamisha, wavu ukitazama chini ili nta ya masikio isirudi ndani, akausugua kwa mswaki laini mkavu. Taa ya chaji ikawaka. Dakika tatu, bure. Nikamwonyesha alama ya IPX4, ile ya kustahimili maji, kwenye boksi, nikidhani inanitetea. "Hiyo ni ya matone, kaka," akasema. "Chumvi haimo."

Kabla sijaondoka alivirudisha vyote viwili kikashani, akanifutisha jina la vipokea sauti kwenye orodha ya Bluetooth ya simu, akabonyeza kitufe cha kikasha kwa sekunde kumi, tukaunganisha upya ili kulia na kushoto vitambuane. Nikamwomba azime na ile kugusa mara tatu. Haizimiki, akasema, inabadilishwa kwa zile zenye programu yake ya simu tu, na hii haina.

Nazi nne nilizifikisha jioni. Kabati lilikuwa bado palepale, na juu yake palikuwa na glasi ya mwarobaini uliochemshwa, imejaa hadi ukingoni.

"Ya homa," akasema mama mkwe, akavuta kigoda akakaa kunitazama nikinywa.